Nimejaza Fomu za Wenzangu kwa Ndoto Zangu

Mpendwa mshauri Bi Sabra,

Naomba msaada wako kabla sijazama, na kwanza shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi ipokee tu, maana anayeshika kalamu ya kuwatuliza watu ni mkubwa hata akiwa mdogo. Gazeti lako huku kwetu karibu na Tongoni hufika likiwa limefungia maandazi, kwa hiyo majibu yako nayasoma yakiwa na mafuta, lakini nayasoma yote mpaka pale karatasi ilipochanika. Majina nitakayoyataja nakuomba uyabadilishe yote, langu nalo ulibadilishe.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili, shule niliishia darasa la nne kwenye kambi ya mkonge ambako baba yangu alikuwa mkataji, kusoma najua na kuandika najua ila mkono wangu mzito na nukta huwa nazisahau, utanisamehe. Mume wangu alifariki, huu mwaka wa saba. Kazi yangu ni mwani. Tuko wanawake ishirini na watatu katika kikundi, Waislamu waliotoka Pemba na sisi tulioletwa huku na mkonge, Wakatoliki na Walutheri, na tukiwa majini hakuna anayeulizwa anasali wapi, anaulizwa kama vigingi vyake vya kufungia kamba vimekaza. Mwenyekiti wetu ni Bi Mwanaasha, mama wa Kipemba, maneno yake machache na akikutazama unajikuta umenyoosha mgongo.

Mtoto ninaye mmoja tu, Loveness. Huyu Loveness, Bi Sabra, tangu mdogo alikuwa akikaa chini anapanga makombe ya pwani, maganda ya chaza, kwa ukubwa, na ukilichukua moja anajua, leo yuko Tanga mjini, ghorofani, kwenye ofisi ndogo inayotengeneza programu za simu, yuko katika miezi yake ya majaribio bado, na ikaja bahati kwamba ofisi yao ikapewa kazi ya kutengeneza programu ya kuwasaidia wakulima wa mwani, na kwa kuwa yeye kazaliwa humo wakampa yeye. Alinipigia simu akicheka na kulia pamoja. Akaniambia mama, wewe ndiye utakayenisaidia, wanawake wale wakimwona mtu wa ofisini watakaa kimya, wewe wanakujua, nenda ukawaulize kila mmoja anataka hiyo programu imfanyie nini, unijazie kwenye fomu.

Akaja Jumapili na fomu hizo, karatasi nyeupe nzuri, zote sawa. Juu kuna mahali pa namba, chini visanduku vinne. Cha kwanza, anayeomba ni nani. Cha pili, anataka programu imfanyie nini. Cha tatu, kwa sababu gani. Cha nne, tutajuaje kwamba ombi limetimia. Akanikalisha mkekani akanieleza kama mwalimu, kwamba kila ombi liwe na karatasi yake, namba isijirudie, kitu kimoja kiitwe jina moja tangu mwanzo hadi mwisho, na nisiruke kisanduku wala nisichanganye. Nikamwambia mbona masharti mengi kama dawa ya hospitali. Akasema, "Mama, ni kama unavyofunga mbegu kwenye kamba, umbali ule ule kila mbegu. Ukisogeza moja, zote zinabanana. Watu sita watazisoma karatasi hizi, na hakuna hata mmoja atakayekuona uso ukimweleza." Nikaelewa, wallahi nilielewa, nikasema hii ndiyo kazi ya kwanza mwanangu kunipa, nitaifanya kama naposa.

Basi nikaenda na kalamu na fomu zangu, nimevaa gauni la kanisani. Na hapa ndipo taabu ilipoanzia, maana wewe Bi Sabra sijui unatoka wapi, lakini huku kwetu mtu haulizwi anataka nini akasema. Ukimuuliza mgeni nikupikie nini atakwambia chochote, na akisema pilau watu watamsema mwaka mzima. Kutaja haja yako mbele ya mwenye kutoa ni kama kunyoosha mkono sahani haijatua. Nikamwendea Bi Mwanaasha wa kwanza, kwa heshima yake. Akaiangalia karatasi, akaniangalia gauni, akasema, "Mwenetu huyo kasoma, yeye ndiye ajuaye. Andika chochote, tutapokea, Mungu amzidishie." Nikaenda kwa wa pili, chochote. Wa tatu akasema alichosema Bi Mwanaasha. Dorkasi, ambaye ni mwenzangu wa kufunga mbegu na hana breki mdomoni, akasema niandike anataka mume wa kuanika mwani mwenyewe na kuuanua mwenyewe, na kwenye kisanduku cha nne niandike tutajua limetimia akionekana amelala saa tano asubuhi. Tukacheka, lakini karatasi ikabaki tupu. Siku tatu nilizunguka, wengine wachache sikuwakuta. Fomu kumi na nane, majina kumi na manane juu, chini weupe.

Mchana wa siku ya nne maji yalikuwa yamejaa, hatuna la kufanya mpaka yapwe, nikakaa peke yangu kwenye banda la mwani. Upepo ulikuwa umelala. Ile harufu ya mwani mkavu, chumvi na kitu kama majani ya chai yaliyosahauliwa, ikanipanda kichwani, na jua likawa linaingia kwenye matundu ya makuti linatua juu ya zile karatasi mapajani kwangu, madoa madoa, yanatembea. Sijui nililala au sikulala. Niliiona bahari imetoka yote mpaka kwenye mwamba, mchanga mweupe unang'aa kama sinia, na kamba zetu zote zimenyooka juu ya mchanga, na kila kamba ina taa ndogo kama kimulimuli, na kila mwanamke amekaa nyumbani kwake anasuka, anapika, na sauti inatoka majini inaita jina kwa jina, polepole, haina haraka, Bi Mwanaasha maji yametoka, njoo, Dorkasi maji yametoka, njoo, na kila anayeitwa anainuka anacheka, na hakuna anayekwenda peke yake. Halafu sauti ikaniita mimi. Jina langu la ubatizo, ambalo sijaitwa tangu baba yake Loveness afe, maana sasa mimi ni Mama Loveness tu kwa kila mtu.

Nilipoamka kalamu ilikuwa mkononi, na mkono wangu ule mzito ukawa mwepesi. Niliandika, Bi Sabra. Nilimwandikia Bi Mwanaasha kwamba anataka simu imwite kwa jina maji yakitoka. Kwa sababu gani, nikaandika, ili nisijione niko peke yangu. Nikamwandikia mwingine anataka kamba yake iwake taa ndani ya simu aione akiwa nyumbani, kwa sababu gani, ili nijue kuna kitu changu kinachokua hata nikiwa nimelala. Nikaenda hivyo, nikiinuka na kukaa tena, mpaka zikaisha zote kumi na nane, na nilikuwa nikilia kidogo na nina raha. Kisanduku cha nne, kile cha tutajuaje, nilikuwa naandika tu, roho itatulia.

Na hata fomu zenyewe nilizivuruga. Nilianza namba moja kila nilipokaa kuandika, kwa hiyo namba nne ziko tatu. Kuna nilipoandika kamba, kuna nilipoandika mstari, kuna nilipoandika tuta kwa sababu ya mazoea ya shamba, vyote ni kitu kimoja. Loveness akazichukua akaondoka nazo. Siku ya pili akanipigia msimamizi wake, kijana mpole anaitwa Castory, akaniuliza mama shikamoo, hivi mstari na kamba na tuta ni vitu vitatu au kimoja. Nikaona haya kusema nimechanganya, nikasema vitatu, baba. Sasa ndani ya programu mtu anaandikisha mara tatu kitu kile kile.

Jioni yake akanipigia Loveness mwenyewe, sauti imeshuka. Akasema, "Mama, sikujua Bi Mwanaasha ana upweke namna hii. Mtu unamwona imara, kumbe." Nilikuwa na ufagio mkononi. Nikaendelea kufagia, Bi Sabra, pale pale nilipokwisha fagia.

Wamejenga miezi mitatu. Mwezi uliopita Loveness alikuja akanionyesha kwenye simu yangu. Ile sauti wameiweka yake mwenyewe, amekaa ofisini akataja majina yetu yote ishirini na matatu, moja moja. Bi Mwanaasha, maji yametoka. Dorkasi, maji yametoka. Na jina langu mimi, lile la ubatizo. Nilifunika uso kwa kanga, akadhani ni furaha, na ilikuwa furaha kweli, hapo ndipo dhambi yangu ilipo.

Sasa Jumanne ya wiki iliyopita mvua ilitushtukiza, mwani uko juu ya chanja za kuanikia, tulikuwa wote majini tunavuna, mpaka tunafika umelowa wote, umeanza kutoa maji mekundu, kazi ya wiki nzima. Tumesimama tunaukamua kama nguo. Bi Mwanaasha akasema, hata hakuwa anamwambia mtu, "Hiyo simu ya Loveness ikinambia mvua yaja, nitaibusu. Habari za maji isinambie. Maji nayajua kabla sijamjua mume." Watu wakacheka huku wanakamua. Mimi nikainama kwenye fungu langu wasinione uso. Akaongeza mwingine kwamba naye angetaka kujua vigingi vya nani ni vipi mawimbi yakiving'oa, maana kila bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, ni ugomvi. Mwingine akasema lake. Tangu siku hiyo nasikia tu, Bi Sabra, kila wakifunga mbegu wanasema, kila wakianika wanasema, haja zao zinadondoka kama matone, yale yale niliyoyatafuta siku tatu nikiwa na gauni la kanisani, na hakuna hata moja lililomo kwenye zile fomu kumi na nane zenye majina yao.

Siku ya kuonyesha programu ni Jumamosi ya bamvua la mwezi mpevu, wiki tatu toka leo. Watakuja wakubwa wa ofisini kwa Loveness, na wameshasema kwamba siku hiyo ndiyo watakayoamua kama anabaki kazini. Nikisema ukweli, mwanangu atajua kwamba karatasi ya kwanza aliyoniamini nayo niliijaza uongo, na huko ofisini atasimama mbele ya Castory aseme nini, mama yangu aliota? Nikikaa kimya, simu itamwita Bi Mwanaasha mbele ya watu imwambie maji yametoka. Nilimweleza Dorkasi peke yake, na Dorkasi akanipa njia. Akasema, "Wewe waombe wapige makofi tu. Kwani watu wa huku wameshindwa lini kupiga makofi?" Na ni kweli, nikiwaomba watapiga. Watasema tumependa sana, Mungu amzidishie, wakubwa watarudi mjini wameridhika, Loveness atabaki kazini, na hakuna atakayeifungua tena ile programu. Nakiri kwamba nimekwisha kuanza kupanga nitakavyowaambia. Nifanye nini?

Ni mimi, mama wa fomu kumi na nane.

Nimesahau kukueleza kitu kidogo. Loveness siku hizi nikimpigia hapokei, ana kazi nyingi, simlaumu, hutuma ujumbe mama nitakupigia. Basi mchana nikiwa peke yangu bandani naifungua ile programu, naibonyeza, inaniita. Siku nyingine naibonyeza mara mbili.


BI SABRA ANAJIBU

Mama yangu, marahaba, nimeipokea, kama umenizidi umri au hukunizidi tutajua siku tukionana. Majina nimeyabadilisha. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine kwa sababu una tarehe, na unapoyasoma haya, hata yakiwa na mafuta ya maandazi, zimebaki kama siku tisa. Kwa hiyo sitakubembeleza sana.

Nianze na baya. Umechukua jina la mwanamke mzima, mwenyekiti wenu, ukaliweka juu ya upweke ambao si wake, ukaupeleka mjini ukasomwe na watu sita. Hilo si kuota, mama. Kuota unaota bandani na unaamka. Wewe uliamka ukaandika, ukaulizwa na Castory ukathibitisha, mwanao akauamini upweke huo na hukumsahihisha. Mara tatu ulifunguliwa mlango wa kutoka, ukaendelea kufagia.

La pili ni zuri, na nalisema kwa sababu ni kweli. Ulizunguka siku tatu kwenye jua ukitafuta maneno ya watu, na hukurudi nyumbani ukasema hawa hawataki kitu. Wengi wanaokuja huko na karatasi, wakisikia "chochote" mara moja, wanaandika "hakuna maombi" na kuondoka. Wewe ulijua kwamba chochote ni adabu tu na nyuma yake kuna haja. Kosa lako ni kwamba ulichoka kungoja, ukaweka yako.

Sasa sikiliza. Makofi ya Dorkasi hapana. Dorkasi ni rafiki mzuri, muache akuchekeshe, lakini katika hili asikushauri. Ukiwaomba wanawake wale wapige makofi, utakuwa umewajazia fomu mara ya pili, na safari hii watakuwepo wanakutazama. Mwanao atabaki kazini juu ya kitu kisichotumika, na siku atakapogundua, maana watu wa kazi hiyo huona kama programu inafunguliwa au haifunguliwi, hatakuwa na mtu wa kumuuliza ila wewe.

Leo hii mpigie Loveness. Asipopokea, mwandikie ujumbe kwamba si mgonjwa, ila una jambo la kazi yake na la haraka. Neno "kazi" litamfanya apokee. Akipokea usianze na ndoto, wala na gauni, wala na marehemu baba yake. Mwambie hivi: zile fomu kumi na nane niliziandika mimi, wenye majina hawakuyasema, na mstari na kamba na tuta ni kitu kimoja. Halafu umwache akasirike. Atakasirika, na ana haki, wewe usimsaidie kwa kulia. Mtoto aliyekuwa akijua kombe moja limeondoka anajua pia kupanga upya, na ni afadhali apange leo akiwa na siku tisa kuliko Jumamosi akiwa na wageni.

Kesho yake nenda kwa Bi Mwanaasha asubuhi, mikono mitupu, usimbebee chochote cha kumlainisha. Mwambie uliandika nini kwa jina lake, neno kwa neno. Umesema mwenyewe maneno yake ni machache. Kaa hapo hapo mkekani mpaka akuambie.

Kisha chukua fomu mpya, vua gauni la kanisani, ingia majini. Usimuulize mtu anataka nini. Umeshaona mwenyewe kwamba swali hilo kwenu linafunga midomo. Muulize mara ya mwisho mwani wake ulipoharibika ilikuwaje. Muulize bamvua lililopita aligombana na nani na kwa kigingi gani. Watu wa pwani hawatoi haja zao zikiombwa, wanazidondosha mikono ikiwa na kazi, nawe umekwisha kujua zinapodondokea, ni kwenye chanja na kwenye kufunga mbegu. Mkishatoka majini, kabla hajaenda nyumbani kwake, mwandikie. Jina lake kwa aliyosema yeye tu. Haja moja, karatasi moja. Namba ianze moja na isonge mbele mpaka mwisho hata ukilala siku tatu katikati. Kamba iitwe kamba, hata kama kalamu inatamani tuta. Kile kisanduku cha nne usiandike tena roho itatulia, maana roho haionekani ghorofani Tanga. Andika kitu ambacho jicho litakiona, kwa mfano simu ilie mapema kiasi cha mtu kutoka majini na kuanua chanja nzima kabla ya tone la kwanza. Ukimaliza msomee kwa sauti. Akikunja uso, umekosea, kata uandike upya mbele yake. Akikubali, aweke alama yake mwenyewe.

Masharti haya uliyaita dawa ya hospitali, nami nilicheka, lakini fikiria kamba ya mwani. Umbali sawa kati ya mbegu haumfurahishi mtu kwa kuutazama, ila ndio unaozuia mbegu ya Dorkasi isiinyonge mbegu ya jirani yake. Visanduku vile vinne vinafanya hivyo hivyo. Vinamzuia mwenye moyo mkubwa asimmeze mwenye maneno machache. Na wewe, mama, moyo wako mkubwa sana.

Kama hizo siku zilizobaki hazitoshi kutengeneza jambo la mvua, Loveness asimame Jumamosi aseme hivi ndivyo tulivyokosea, na hizi hapa ndizo karatasi za kweli, zenye alama za wenyewe. Kama wakubwa wake ni watu wa kazi, watajua thamani ya mtu aliyeligundua kosa kabla halijafika kwenye simu za vikundi vingine. Kama si watu wa kazi, siwezi kukuahidi. Ila karatasi za kweli hata akitoka atatoka nazo.

Na ile sauti inayoita majina sikusema itupwe. Huenda wenzako wakipenda ikawaita kuanua mwani badala ya kuwapasha habari za maji. Hilo si lako kuamua wala langu. Lina fomu yake, nalo lisubiri mtu aliseme.

Nimebakiza moja. Miaka yote ninayofanya kazi hii, watu huniandikia kurasa tatu za shida, wakatia sahihi, halafu chini ya sahihi wanaandika kile walichokuja kusema. Wewe nawe umefanya hivyo. Nimesoma yaliyo chini ya sahihi yako mara mbili, kama unavyobonyeza.

Kwa hiyo ukishamaliza za wenzako, chukua karatasi moja zaidi, uipe namba yake inayofuata. Anayeomba ni nani, andika jina lako la ubatizo. Anataka nini, andika, na usiandike programu, maana hicho unachokitaka hakihitaji programu, kinahitaji binti mwenye simu na siku moja ya wiki iliyotajwa jina. Kwa sababu gani, sababu unayo, umekwisha kuiandika kwa majina ya watu, sasa iandike kwa lako. Kisanduku cha nne kiache wazi. Usiitume. Loveness atakapokuja, mpe mkononi, na kalamu juu yake.

Akikuuliza pale pa mwisho aandike nini, tafadhali mama, usimjibu "chochote".